Moyo wa mbuzi au kitabu cha dola 80?

Nchini Burundi nazijua Nyarusange mbili. Moja iko Gitega, katikati ya nchi. Nyingine iko Muyinga, kaskazini mashariki, upande wa mpaka wa Tanzania. (Na hakuna kati ya hizo iliyo Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kasulu mkoani Kigoma, ingawa karani mmoja aliwahi kuniandikia hivyo kwenye bahasha na barua ikazunguka mwezi mzima.) Nazitaja zote mbili kwa sababu mwaka huu nimeletewa vijana wawili wenye nia moja: mpwa wangu, binti wa dada yangu, wa Nyarusange ya Gitega; na kijana wa Nyarusange ya Muyinga ambaye mama yake na dada yangu walikaa dawati moja shuleni. Wote wamemaliza sekondari upande wa sayansi, wote wamefaulu mtihani wa taifa, na wote wanataka kusomea mwili wa binadamu: anatomia, seli, na yanayofuata, udaktari au uuguzi, Mungu akijalia.

"Shikamoo mjomba," wakaanza. "Tuanzie wapi, na itatugharimu kiasi gani?"

Nikachukua daftari. Ninayoyaandika hapa ni hesabu ya daftari hilo, na si hesabu ya tajiri. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia pato la Mrundi mmoja kwa mwaka halifiki dola 300. Ukisikia basi kitabu kimoja cha chuo kinauzwa dola 80, ujue ni zaidi ya robo ya mwaka wa mtu.

Na dola yenyewe ina bei mbili. Mwaka 2025 benki zilikuwa zinaihesabu kwa karibu faranga 2,900, huku mtaani ikivuka 6,000. Kitabu hicho cha dola 80 kikawa faranga 232,000 kwenye karatasi ya benki na 480,000 mkononi mwa mvunja fedha. Mzazi wa kawaida dola za benki hazioni. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa vijana hawa ilikuwa hii: gharama yoyote inayodaiwa kwa dola, izidishe mara mbili kabla hujaifikiria.

Tuanze na mahali pa kusomea, maana hapo ndipo Nyarusange mbili zinapoachana njia.

Aliyeko Gitega yuko kama kilomita 100 kutoka Bujumbura. Huko kuna Chuo Kikuu cha Burundi, chenye asili yake katika chuo rasmi cha mwaka 1964, na kitivo chake cha tiba kiko Kamenge, pamoja na hospitali ya chuo ambayo watu huiita Roi Khaled. Ndicho chuo cha serikali, na kwa ada hakuna wa kushindana nacho nchini. Ugumu wake ni mlango: nafasi ni chache na alama za mtihani wa taifa ndizo zinazoamua. Zamani aliyeingia alipewa posho ya serikali. Tangu 2017 posho hiyo imegeuzwa mkopo, wa kurudishwa baadaye. Mzazi anayesema "mwanangu anasomeshwa na serikali" aelewe kuwa mwanawe anaandikiwa deni.

Cha pili ni Hope Africa, chuo cha kanisa la Free Methodist. Kilizaliwa Nairobi mwaka 2000, kisha kikahamia Bujumbura. Ni cha binafsi na mfuko wa mzazi utalihisi hilo. Kinafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, jambo ambalo kwa kijana wa Burundi ni mzigo mwaka wa kwanza na mtaji mwaka wa tano. Kinachonivutia mimi zaidi ni hospitali ya Kibuye, iliyomo humohumo mkoani Gitega, ambako wanafunzi wake wa udaktari hupelekwa kujifunza kwa wagonjwa. Binti wa Nyarusange anaweza kulipa kodi ya chumba Bujumbura miaka ya mwanzo, halafu miaka ya wodini akarudi mkoa wa kwao, anakojua bei ya maharage na kila mgonjwa anaongea Kirundi chake.

Kijana wa Muyinga hesabu yake ni nyingine. Bujumbura kwake ni karibu mara mbili ya umbali wa mwenzake, na mafuta yakikosekana, kama yalivyokosekana miaka hii, nauli hupandishwa na dereva mwenyewe. Mji wa Ngozi uko karibu zaidi, na una chuo kikuu tangu 1999 chenye masomo ya afya. Lakini kijana huyu macho yake yako kwingine: mpaka wa Kobero hauko mbali na Muyinga mjini, na ng'ambo yake ni Kabanga, wilaya ya Ngara. Kutoka hapo ni Tanzania mpaka Mwanza. Njia hiyo zamani ilikuwa na adhabu ya kivuko cha Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeifuta foleni hiyo. Na Mwanza kuna Bugando, hospitali ya rufaa juu ya kilima, yenye chuo chake cha afya cha kanisa Katoliki kilichoanza 2003.

Udaktari Tanzania ni miaka mitano darasani na wodini, pamoja na mwaka mmoja wa mazoezi. Burundi hesabu si chini ya miaka sita. Kila mwaka unaopungua darasani ni mwaka mmoja wa kodi, chakula na sabuni usiolipwa, na wazazi wengi hawauingizi kwenye hesabu kwa sababu haupo kwenye karatasi ya ada.

Njia nyingine nilizipitia haraka. Rwanda ilikuwa ya karibu kuliko zote kwa watu wa kaskazini, lakini Burundi ilifunga mpaka huo Januari 2024. Bukavu na Goma, mashariki ya Kongo, zina vyuo vya tiba vinavyofundisha kwa Kifaransa, na wapo Warundi waliosoma huko. Mwaka 2025 miji yote miwili iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na mtoto hapelekwi vitani kusomea kuponya. Uganda ni nzuri kwa Kiingereza, ila Rwanda ikiwa imefungwa basi la Kampala linalazimika kuzunguka kupitia Tanzania. Nikazifuta zote tatu kwa mstari mmoja.

Sasa lugha, ambayo naihesabu kuwa ada ya siri. Vijana wote wawili wamesoma sayansi kwa Kifaransa. Tanzania watafundishwa kwa Kiingereza. Kwa anatomia pigo ni jepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu majina ya mifupa na misuli yamejengwa juu ya Kilatini, na anayejua fupa la paja kwa jina la Kifaransa analitambua kwa Kiingereza bila mkalimani. Kwa biolojia ya seli ni kinyume. Huko mambo yanaelezwa kwa sentensi ndefu: kitu gani kinafungua mlango gani kwenye utando, nani anamwamsha nani ndani ya kiini. Mwenye Kiingereza cha kuombea maji atapata shida hapo, na muhula mmoja uliorudiwa ni ghali kuliko kitabu chochote.

Lakini kijana wa Muyinga ana kitu ambacho hakuandikiwa kwenye cheti: Kiswahili. Kwao wafanyabiashara wanakiongea, sokoni anakisikia, na mama yake humkemea kwa Kiswahili anapokuwa na hasira kweli. Bugando mhadhara ni Kiingereza, ila mgonjwa ni Kiswahili. Atamuuliza mama mzee wa Sengerema maumivu yako wapi, na akijibiwa "chini ya kwapa, karibu na kitovu cha moyo", ataelewa alichoambiwa pamoja na alichokosewa. Mpwa wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha redioni, faida hiyo hana.

Kwa wanaotaka kujiandaa, upo msaada wa siku nyingi: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Nakala zake sasa ni za kuazima kuliko za kununua. Haitampa mtu digrii, ila itamwokoa asiite kongosho bandama mbele ya muuguzi.

Makaratasi nayo yana bei. Anayevuka kwenda Tanzania hupeleka vyeti vyake vya sekondari Baraza la Mitihani la Tanzania vilinganishwe na vya kwao. Anayerudi na shahada ya nje huiombea ulinganifu wizarani Bujumbura. Na tangu 2025 kuna kero mpya: mikoa 18 imekuwa mitano, Muyinga imeingia katika Buhumuza, na komini 119 zimebaki 42. Cheti cha kuzaliwa kinasema mkoa mmoja, kitambulisho kipya kinasema mwingine. Anzeni mapema kupata barua inayoeleza kuwa mtu ni yuleyule.

Kuhusu ada yenyewe nimewakataza vijana kunukuu za mitandaoni. Hubadilika kila mwaka, na kuna jambo moja linaloweza kuzigeuza zote: je, Mrundi anahesabiwa kama mwenyeji au kama mgeni? Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1 Julai 2007. Kuna vyuo vinavyomtoza mwana Jumuiya sawa na mwenyeji, na kuna vinavyomtoza kama aliyetoka ng'ambo ya bahari, tena kwa dola. Jibu la simu halitoshi. Liombeni kwa maandishi, likiwa na muhuri au barua pepe ya chuo, na liseme kama ada hiyo itadumu miaka yote ya masomo au itapanda katikati.

Katika barua hiyohiyo ongezeni maswali mawili ambayo wazazi hawayaulizi kamwe. Maiti moja ya kusomea inagawanywa kwa wanafunzi wangapi? Na hadubini moja? Mwanafunzi anayesimama safu ya nne nyuma ya migongo ya wenzake, macho yakimwasha kwa formalini, amelipa ada ya anatomia na amenunua harufu. Chuo cha ada ya chini chenye wanafunzi 40 kwenye meza moja kinaweza kuwa ghali kuliko cha ada ya juu chenye 10, ukigawanya pesa kwa saa ambazo mkono wako umeshika kitu.

Hapo ndipo tulipofika kwenye vifaa, sehemu ninayoipenda, kwa kuwa hapa mtu wa kipato kidogo anaweza kushinda.

Vitabu kwanza. Upande wa Kifaransa wazee wanaapa kwa Rouvière, ambaye kazi yake ilianza kutoka miaka ya 1920 na sasa ina majuzuu manne, na Kamina mwenye matano. Upande wa Kiingereza kuna Gray, aliyetoka London mwaka 1858 na bado anachapishwa. Kwa picha kuna Netter, atlasi ya 1989 ambayo imetafsiriwa hata kwa Kifaransa. Kwa seli, kitabu kinachotajwa kuliko vyote ni cha Bruce Alberts na wenzake, kilichotoka 1983, kizito kiasi cha kushikilia mlango, na nakala yake mpya bei yake hupita dola 100.

Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza nunueni kimoja tu, atlasi, tena iliyotumika. Mfupa wa 1989 ni mfupa wa leo. Binadamu hajaongezewa mbavu tangu Netter achore. Toleo la zamani la atlasi linalouzwa nusu ya bei na mwanafunzi anayehitimu halina hasara yoyote. Kwa seli mambo ni tofauti, kwani sayansi yake inakimbia, na kununua kitabu cha zamani kwa bei ya nusu ni kununua nusu ya habari. Huko ni afadhali vya bure. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, una kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia, zaidi ya kurasa 1,000, kinachopakuliwa bila senti. Toleo lake la pili ni la 2022. Maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani imeweka mtandaoni toleo la nne la Alberts, la 2002, ambalo hulisomi kama kitabu bali unalitafuta neno kwa neno. Pakua kwenye intaneti ya chuo au ya rafiki, weka kwenye kadi ya simu, gawa kwa wenzako.

Kuna mlango mwingine ambao wanafunzi wengi hupita bila kuugonga. Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, hufungulia taasisi za nchi maskini maelfu ya majarida na vitabu vya tiba, na Burundi imo katika kundi lisilolipa. Mtu binafsi hajiungi. Taasisi ndiyo hujiunga. Kwa hiyo swali la siku ya kwanza maktabani ni: nenosiri la Hinari liko kwa nani? Huyo mtu hana budi kuwepo, na mara nyingi ana ufunguo mfukoni na hakuna anayemuuliza.

Nakala za mihadhara, zile silabasi zinazotolewa fotokopi, zinaonekana rahisi mpaka uzijumlishe. Chukulia ukurasa mmoja ni faranga 100: silabasi tano za kurasa 120 ni faranga 60,000, na picha zote zimetoka nyeusi, mshipa wa damu na mshipa wa fahamu vikiwa rangi moja. Kwa maandishi sawa. Kwa picha za anatomia, pesa imetupwa.

Kuhusu simu: programu za miili ya pande tatu zinavutia, nyingi hulipiwa kwa mwaka, kwa dola, kwa kadi ambayo hamna. Achaneni nazo. Anki, ya kujikumbushia maswali, ni bure kwenye simu za Android na kwenye kompyuta, na mifupa 206 ndiyo kazi iliyoumbiwa.

Sasa hadubini, na hapa nakiri kosa langu. Miaka iliyopita nilimnunulia mtoto wa kaka yangu hadubini ya plastiki kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kuwa inakuza mara 1,200. Tuliweka ganda la kitunguu, tukazungusha, tukaona ukungu. Tukaweka ubawa wa inzi, tukaona ukungu mwingine. Ilikuza kweli, ila ilikuza ukungu. Baadaye nikaelewa. Namba ya ukuzaji inaandikwa bure. Kilicho ghali ni lenzi inayotenganisha nukta mbili zilizo karibu. Hadubini ya kawaida ya mwanga, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya mikromita 0.2. Ribosomu ni ndogo mara nyingi kuliko hapo. Picha zile za kupendeza za sehemu za ndani za seli zimepigwa kwa hadubini ya elektroni, mashine ya kujaza chumba. Kwa hiyo mwanafunzi asidanganywe kununua ukuzaji mkubwa ili "aone ribosomu". Hataziona. Azitazame kitabuni.

Anachoweza kuona kwa macho yake ni seli nzima na kiini chake, na hilo halihitaji mamia ya dola. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza Foldscope, hadubini ya karatasi inayokunjwa kama bahasha, ambayo vifaa vyake vinagharimu chini ya dola moja na inakuza mara 140. Ugumu wa Burundi ni kuipata, kwa kuwa huagizwa na posta ina bei yake. Mkiwa darasa la watu 20, agizeni kwa pamoja.

Au fanyeni kama tulivyofanya sisi. Mwalimu wa sayansi wa jirani alitufungulia chumba Jumamosi na kutukopesha hadubini ya shule, ya kawaida, yenye kioo cha kukamatia jua. Mpwa wangu alikwangua ndani ya shavu lake kwa kijiti kisafi, akapaka kwenye kioo, akaacha kikauke. Rangi tulitumia GV, ile dawa ya zambarau inayopakwa watoto wenye utando mdomoni, chupa ndogo ya duka la dawa. Tone moja, dakika moja, kisha akasuuza kwa maji taratibu. Kwa ukuzaji wa mara 100 zikaonekana: vipande bapa, vimekunjana pembeni kama chapati iliyobebwa mfukoni, na katikati ya kila kimoja doa jeusi la zambarau. "Huyu ni mimi?" akauliza. Kijana wa Muyinga naye akakwangua shavu lake, wakawa wanabishana ni za nani zilizo nzuri zaidi. Gharama ya siku hiyo ilikuwa chupa ya GV na soda ya mwalimu.

Anatomia ya bei nafuu iko kwa muuza nyama. Lakini hata hapo kuna kuchagua, maana si kila kiungo kinafanana na cha binadamu, na wengi hununua kisichofaa.

Moyo: nunueni wa mbuzi. Una vyumba vinne kama wetu, na unakaa kwenye kiganja. Upasueni kwa wembe kuanzia chini na mtaona ukuta wa chumba cha kushoto ni mnene karibu mara tatu kuliko wa kulia, kwa kuwa wa kushoto unasukuma damu mwili mzima na wa kulia unaifikisha mapafuni tu. Ndani kuna nyuzi nyeupe, nyembamba kama za kushonea viatu, zinazoshikilia milango ya moyo isipinduke. Hakuna picha ya atlasi inayokufundisha ugumu wa nyuzi hizo. Kidole kinakufundisha kwa sekunde moja. Wa ng'ombe ni mkubwa na una nafasi ya kuingiza vidole, ila mara nyingi una kifupa ndani yake ambacho binadamu hana. Mwanafunzi akikikuta asije akaandika kwenye mtihani.

Figo: hapa usinunue la ng'ombe hata likiwa rahisi. Limegawanyika vipande vipande kama shada la zabibu. Letu ni laini kwa nje, umbo la haragwe, isipokuwa mtoto mchanga ambaye lake bado lina alama za mgawanyiko huo. La mbuzi ni laini kwa nje kama letu, ila ndani mapiramidi yake yameungana kuwa moja, ilhali yetu ni mengi. La nguruwe linafanana na letu nje na ndani. Kwa mpwa wangu, Mkatoliki, hilo ndilo jibu. Kijana wa Muyinga ni Muislamu; yeye nilimwambia atumie la mbuzi na ukurasa wa atlasi pembeni, na hakupoteza kitu.

Mifupa: ya mbuzi ni bure ukimsaidia mpishi wa harusi kuosha masufuria. Ichemsheni, isugueni, ianikeni. Ila jihadharini na mambo mawili. Yale mnayoyaita magoti ya mbele ya mbuzi si magoti, ni vifundo vya mikono. Goti lake la kweli, lenye pia yake, liko nyuma. Na mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaovunjika mtu akianguka baiskeli, mbuzi hana kabisa. Mpwa wangu aliutafuta kwenye kifurushi cha mifupa asubuhi nzima, akafikiri mbwa ameuchukua.

Fuvu ndilo linalohitaji pesa halisi. Fuvu la binadamu lina matundu na mifereji ambayo mbuzi hawezi kuyafundisha, na la plastiki lililochongwa vizuri linatosha. La mfupa halisi msilikubali mkiletewa na mtu wa pembeni. Biashara hiyo ina historia chafu, na India, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ilipiga marufuku usafirishaji wake mwaka 1985. Fuvu moja la plastiki, watu sita, kila mmoja analala nalo usiku mmoja wa wiki, na Jumapili linapumzika. Mama mwenye nyumba aelezwe mapema, la sivyo mtahamishwa.

Haya, daftari limejaa. Hukumu yangu kwao ilikuwa hivi.

Mpwa wangu abaki Burundi. Alama zake zikimfikisha Kamenge, aende Kamenge na akubali deni. Zisipomfikisha, Hope Africa, kwa sababu ya Kibuye, iwapo baba yake atauza lile shamba la pili, na si la kwanza. Kijana wa Muyinga aombe Mwanza na Ngozi kwa pamoja, na asivuke Kobero kabla hajashika barua inayosema analipa kama nani. Ikisema kama mgeni, kwa dola, aende Ngozi na asione aibu: seli za shavu lake ni zilezile pande zote mbili za mpaka.

Wote wawili wanunue atlasi moja iliyotumika, wapakue OpenStax, wachangie fuvu. Kiingereza waanze leo, saa moja kila siku, na wasingoje barua ya chuo. Na wewe mzazi unayesoma hapa, vyeti vya mwanao vitoe kwenye sanduku Jumatatu asubuhi ukatafute nakala zenye muhuri, maana ofisi ya ulinganifu wa vyeti haina haraka yako.

Moyo wa mbuzi tulioupasua tuliupika jioni. Ulitosha watu wanne.